Chema chajiuza, ila ofisini kinangoja muuzaji

Mwezi wa kumi na mbili, chumba cha mikutano, AC inadondosha maji kwenye kapeti na sambusa za saa nne zimeshapoa. Tupo watu saba, mimi nimekaa mwisho wa meza na laptop maana ndo mtu wa HR, kazi yangu siku hiyo ni kuandika wanachosema wakubwa. Nafasi ya afisa mwandamizi ipo moja, majina mezani mawili. Mkuu wa fedha akaulizwa, mzee, huyu dada unampendekeza kwanini? Akakuna kidevu, akasema "huyu binti ni mchapakazi sana, hana shida na mtu". Kimya. Mkuu wa mauzo nae akaulizwa kuhusu kijana wake, akasema "huyu ndo katupunguzia mzigo unaorudi kutoka mikoani, mwanzo wa mwaka tulikua tunarudishiwa maboksi kama 200 kwa mwezi, saivi hayafiki 40". Dakika tano hazikuisha, nafasi ikaenda mauzo.

Sasa kinachouma ni kwamba ile 200 na ile 40 zilitoka kwenye faili la Excel la yule dada. Yeye ndo alikaa wiki tatu baada ya saa za kazi analinganisha mzigo uliotoka na hela iliyoingia mpaka akagundua oda nyingi zilikua zinaingizwa mara mbili. Kijana wa mauzo hakuiba kitu, alipewa hilo faili akalifanyia kazi kweli, akapiga simu kwa mawakala mmoja mmoja, akawabana madereva wasaini. Wote wawili walistahili. Mimi nililijua hilo na sikusema, nikaendelea kuandika, na mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili.

Naanza na hii kwa sababu kila mtu akiniuliza "nifanyeje nionekane kazini" huwa ana picha mbili tu kichwani. Ya kwanza, chapa kazi, nyamaza, Mungu anaona. Ya pili, kuwa chawa wa bosi, beba begi lake, cheka utani wake hata kama hauchekeshi. Alafu mtu akishindwa kwenye ile ya kwanza anaamini dawa pekee ni ile ya pili, na akiwa na aibu zake anabaki hapo katikati miaka sita analalamika.

Tumelelewa na methali ya chema chajiuza kibaya chajitembeza, na sokoni ni kweli kabisa, nyanya nzuri mama anaiona kwa macho, anaibonyeza, ananunua. Ofisini mnunuzi haioni nyanya. Kazi yako ipo ndani ya faili, ndani ya simu uliyopiga, ndani ya tatizo ambalo halikutokea kwa sababu uliliwahi (na tatizo ambalo halikutokea hakuna anaeliona hata akivaa miwani). Wanaoamua upande au usipande wengi wao hawajawahi kukaa na wewe hata nusu saa. Wanachopata ni sentensi moja, inayosemwa na mtu mwingine, wewe ukiwa haupo chumbani. Ya yule dada ilikua "mchapakazi, hana shida na mtu", ambayo ukiisikiliza vizuri ni sifa unayoweza kumpa hata mlinzi wa getini.

Kabla sijafika kwenye namna ya kuipata hiyo sentensi, kuna mkanganyiko lazima tuufungue kwanza maana watu wanachanganya vitu vitatu: kuongezwa mshahara, kupanda daraja na kupewa cheo. Mtu anakwambia "sijapanda" na ukimchimba unakuta anaongelea kitu kimoja wakati kinachomkwamisha ni kingine.

Kwa waliopo serikalini hapa Tanzania hii tofauti ni kubwa mno. Daraja linaenda na muundo wa utumishi wa kada yako, mfano kada nyingi ukiwa afisa daraja la II umeanzia TGS D (TGS ni ngazi za mishahara ya serikali), ukipanda unakua daraja la I na TGS E, na muundo unataka miaka kadhaa ya kazi, utendaji mzuri, na uwe umethibitishwa kazini baada ya ile miezi 12 ya majaribio. Juu ya hapo inatakiwa nafasi yako iwe imetengwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi na vyeo iliyoidhinishwa, na kwenye bajeti. Hapo kwenye ikama ndo wengi wanapokwama bila kujua, unaweza kuwa malaika wa kazi, kama afisa utumishi wako alisahau kukuweka kwenye orodha ya wanaotarajiwa kupanda mwaka wa fedha unaofuata, mwezi wa saba utafika na utapita kama gari la bosi. Mwaka 2016 ilikua mbaya zaidi, serikali ilisimamisha upandishaji madaraja nchi nzima ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti feki, uhakiki ambao Aprili 2017 ulitoa majina 9,932 ya wenye vyeti vya kughushi. Wenye vyeti safi nao wakasubiri. Walimu na manesi walioajiriwa mwaka mmoja wakajikuta wamepishana madaraja kwa sababu tu barua ya mmoja ilitoka kabla ya zuio na ya mwingine ikachelewa, ndo maana baadae likaja neno mserereko, watu wakarukishwa kufidia mda waliopoteza. Hapo hata ungejionyesha vipi ungekua unajionyesha kwa ukuta.

Cheo ni habari nyingine. Kuwa mkuu wa kitengo au mkurugenzi sio kusubiri miaka ifike, ni uteuzi, ni mtu kupekuliwa na kuulizwa habari zake, na hapo ile sentensi moja inarudi kwa nguvu zote. Mshahara nao una mlango wake, nyongeza ya mwaka inaweza kuja bila wewe kupanda popote.

Kampuni binafsi ni mchanganyo huohuo kwa mavazi tofauti. Kuna alama za tathmini, kuna bajeti ya mishahara ambayo mtu wa fedha ameshaikata kabla kikao hakijaanza, na kuna mabosi watano kila mmoja ana mtu wake. Bosi wako anaweza kukupa alama ya juu kabisa, alafu mkikaa kikao cha kulinganisha alama anaambiwa mzee huwezi kuwa na watu bora saba kwenye timu ya watu nane, shusha wawili. Atamshusha nani? Atamshusha yule ambae hana cha kumtetea nacho. Hamchukii, ni kwamba ameulizwa "huyu kafanya nini" na hakumbuki, mambo ya mwezi wa pili yameshafutika kichwani, anakumbuka ya mwezi wa kumi na moja tu.

Kwaiyo kazi yako ya kwanza ukitaka kuonekana ni kumsaidia bosi kukumbuka. Rahisi hivyo na watu hawafanyi. Yule dada baadae nilimkalisha chini, nikamwambia dada yangu, kila Ijumaa saa tisa mtumie mzee ujumbe mfupi, usizidi mistari mitano. Akaniambia "kaka ataniona najipendekeza". Nikamwambia chawa anamsifia bosi, wewe unaripoti kazi, ni vitu viwili. Tukaandika wa kwanza pamoja, ulikua hivi:

"Shikamoo mzee. Wiki hii nimemaliza mzigo wa Mbeya na Songea, ile tofauti ya maboksi 61 imeonekana ni oda zilizoingizwa mara mbili. Nimeongea na kaka wa stoo, wameanza kusaini kabla gari halijatoka. Bado Mtwara, nasubiri karatasi za dereva hadi Jumanne. Ijumaa njema."

Angalia kilichomo. Kuna namba moja, kuna sababu, kuna kilichobadilika, kuna mtu mwingine ametajwa kwa wema, na kuna kilichobaki kwahiyo hata akiulizwa na mkubwa wake Jumatatu asubuhi ana jibu. Hakuna "nimejitahidi sana" wala "kwa moyo mmoja". Mzee hakujibu, alituma kidole gumba tu. Jumatatu yake nikamsikia kwenye kikao cha wakuu anasema "Mtwara tunasubiri karatasi za dereva hadi Jumanne", maneno yaleyale. Hapo nikajua ujumbe unafika. Bosi ni binadamu mwenye mambo mengi, ukimpa maneno tayari atayatumia, usipompa atatunga yake na yake ni "hana shida na mtu".

Hilo la kumtaja kaka wa stoo watu wananiuliza, je haliniibii sifa? Halikuibii. Ofisi zetu zina kijicho, ukisimama peke yako kwenye mwanga wanaanza "huyu anajifanya anajua", majungu yanapikwa pale kwa mama ntilie mchana na jioni yameiva. Ukimtaja mwenzako, nae anakua na sababu ya kutaka habari hiyo isikike. Na ukweli ni kwamba kweli alisaidia.

Serikalini saivi hiyo kazi ya kukumbusha imeingia kwenye mfumo. Zamani ilikua OPRAS, zile fomu za kupima utendaji zilizoanza 2004, mnazijaza mwisho wa mwaka kwa haraka, bosi anasaini mafungu mafungu hajasoma, zinaenda kulala masijala. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 ikaja PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kwa mtandao, ambao mkuu wako anakushushia jukumu, wewe unaligawa vipande vidogo, anaidhinisha, alafu unajaza ulichotekeleza. Watu wanaisema vibaya sana, mtandao unasumbua, mwalimu wa kijijini anapanda kwenye mwamba kutafuta intaneti, na malalamiko hayo yana haki. Ila naona wengi wanaitupa nafasi kwa namna wanavyoandika. Mtu anajaza "kufanya kazi za kila siku" au ananakili ule mstari wa mwisho wa kila tangazo la ajira, "kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi". Hiyo ni kama kuingia kwenye usaili ukaulizwa unafanya nini ukajibu nafanya kazi. Andika "kusajili majalada ya maombi ya viwanja 120 na kupunguza mda wa kusubiri", andika kitu ambacho mtu wa Dodoma ambae hakujui akikisoma anaona picha.

Sasa kuna sehemu nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha, nayo ni kwamba kuna kazi zinachosha, zinasifiwa na hazikupandishi. Kila ofisi unayoijua ina mtu anaeandika mihtasari ya vikao, anaekusanya michango ya harusi na misiba, anaeagiza keki, anaepanga safari ya timu, anaewapokea wageni na kuwatafutia chaji ya simu. Mara tisa kati ya kumi ni dada. Na ukiuliza unaambiwa "aah yule anapenda, ana mkono mzuri kwa mambo hayo".

Kuna watafiti Marekani, Linda Babcock na Lise Vesterlund na wenzao, walichapisha mwaka 2017 jaribio lililonifungua macho. Waliwaweka watu watatu watatu kwenye kompyuta, wanapewa dakika 2, mmoja wao akibonyeza kitufe yeye anapata dola 1.25 na wenzake wawili wanapata dola 2 kila mmoja, asipobonyeza mtu yeyote wote wanaambulia dola 1. Yaani lazima ajitolee mmoja aumie kidogo wengine wafaidi, kama michango ya ofisi kabisa. Kwenye makundi yenye wanaume na wanawake, wanawake walibonyeza karibu mara moja na nusu ya wanaume. Unaweza kusema ndo wanapenda sasa. Ila walipowaweka wanaume peke yao na wanawake peke yao, tofauti ikayeyuka, wanaume wakabonyeza vizuri tu. Kumbe wanaume hawajashindwa kushika daftari la michango, wanakaa kimya kwa sababu wanajua kuna dada pale ataguna alafu alishike.

Ninachowaambia madada sio wagome, ofisi zetu bila misiba na harusi sio ofisi. Nawaambia waseme mapema iwe zamu. "Jamani mwaka huu nimeshika mimi, kuanzia Januari anashika kaka wa IT." Sema ukiwa unatabasamu, kwenye kikao, mbele za watu, maana ukimwambia pembeni atakubali na hatafanya. Na ule mda wa mihtasari utumie kwenye kitu chenye namba.

Nirudi kwa yule dada maana sijamaliza ya kile kikao. Baada ya nafasi kwenda mauzo, mkurugenzi alimwambia mzee wa fedha basi tumtafutie huyu binti nafasi kwenye tawi jipya, akawe msimamizi. Mzee akaruka kama kamwagiwa maji ya moto, "hapana, nikimtoa huyu nani atanifungia hesabu za mwezi?" Ikaishia hapo. Alikosa nafasi mara mbili siku moja, ya kwanza kwa sababu hakuna anaejua alichofanya na ya pili kwa sababu anaejua hataki kumwachia.

Huo ni mtego wa wachapakazi na unanaswa ukidhani unajilinda. Unakua wewe tu ndo unajua nywila, wewe tu unajua ile fomula, ukiumwa ofisi inasimama, unajisikia fundi. Bosi atakupenda, atakubembeleza, atakupa bahasha mwisho wa mwaka, Mei Mosi utaitwa mfanyakazi hodari upewe cheti na friji na picha utaiweka status. Friji halipandishi mtu. Anaepanda ni yule ambae bosi anaweza kusema "huyu akitoka, kuna kijana kamfundisha, ataziba". Kwahiyo mfundishe mtu. Andika hatua za kazi yako kurasa mbili uzitume kwa bosi, unampa ruhusa ya kukuachia.

Na kuna upande wa pili wa hili ambao uongozi nao wanakosea. Benson, Li na Shue, wachumi, waliangalia wauzaji wa makampuni zaidi ya 100 ya Marekani, matokeo yao yakachapishwa 2019. Makampuni yalipandisha wauzaji bora kuwa mameneja, na wale waliokua wanauza sana ndo wakawa mameneja wabaya zaidi, timu zao zilishuka. Waliokua na mazoea ya kushirikiana na wenzao kwenye mauzo walifanya vizuri zaidi wakipewa timu. Kwahiyo ukitaka cheo cha kuongoza watu, onyesha kwamba umeshaanza kuongoza watu, hata mmoja, hata mwanafunzi wa fildi. Hilo la fildi nalisisitiza, kila mwezi wa saba vijana wanakuja, wanakalishwa wakate karatasi, na wewe unalalamika huna nafasi ya kuongoza.

Jambo dogo kwa wa serikalini, kukaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 hazitarajii mtu akaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi 6, na kuna kibali kinatakiwa. Mtaani kwetu kuna watu wanakaimu mwaka wa tatu kwa maneno tu, "mdogo wangu shikilia hapo kwanza". Shikilia, ni nafasi nzuri ya kuonekana, ila omba barua yenye kumbukumbu namba. Kwa heshima, kwa dokezo, sio kwa kununa. Bila barua siku akiletwa mtu mpya utamkabidhi funguo na hakuna karatasi popote inayosema ulikuwepo.

Na uliza swali lako mapema. Wengi wanaenda kwa bosi baada ya majina kutoka, wakati bajeti imefungwa, wanapewa majibu ya kubembelezwa. Nenda miezi kadhaa kabla, kabla ikama haijaandaliwa au kabla bajeti ya kampuni haijapelekwa bodi, useme "mzee nataka mwaka kesho nifikiriwe kwa nafasi fulani, naomba uniambie unachokiona bado sina". Akikwambia kitu, kiandike mbele yake. Akikwambia "wewe endelea tu utaonekana", hiyo nayo ni taarifa, inakuonyesha hajawahi kukufikiria.

Yule dada aliuliza hivyo mwezi wa kwanza. Mzee akamjibu utaonekana. Mwezi wa tatu akapata usaili kwenye kampuni nyingine, akaniambia walipomuuliza amefanya nini alitaja ile 200 na ile 40 mwenyewe kwa mdomo wake, akaeleza na oda zilizoingia mara mbili na kaka wa stoo, wakampa uafisa mwandamizi. Alituachia kurasa mbili za maelezo, safi, zimepangwa. Mwisho wa mwezi ulipofika nilikua naelekea nyumbani, nipo kwenye mwendokasi nimebanwa mlangoni, simu ikaita, mzee wa fedha.

"Kijana, hebu niulizie kwa yule binti, lile faili linafunguliwaje?"